Barua yako imekataliwa? Angalia dalili kabla ya kuongeza maneno matamu

Nina meza na kompyuta mbili kwenye steshenari, karibu na stendi ya Moshi. Nachapa barua za watu: maombi ya kazi, maombi ya mkopo, malalamiko ya mfereji, kadi za michango, matangazo ya kuuza ng'ombe. Mtu akirudi na barua iliyogonga mwamba, ombi lake huwa lilelile: "Dada, iongezee nguvu." Maana yake niweke maneno makali zaidi, au matamu zaidi.

Fundi pikipiki ukimwambia pikipiki haiwaki hakimbilii kufungua injini. Anatikisa tangi kwanza asikie kama kuna mafuta. Nami namuuliza mteja: walikujibu nini? Jibu lao ndiyo dalili, na kila dalili ina sababu zake. Nimezipanga hapa kuanzia ninayokutana nayo sana mpaka ile ya nadra. Istilahi nitazitaja pale zinapohitajika. Ya kwanza ni balagha, sanaa ya kushawishi kwa maneno. Imetoka kwenye mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa "baleghe", na mzizi huo unahusu kufika. Ishike hiyo, maana barua nyingi zina maneno mazuri na hazijafika.

Dalili: kimya. Wiki tatu, hakuna jibu

Cheki mafuta kwanza: je, ilipokelewa? Ulitoa kopi mbili, ukagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye ile unayobaki nayo? Kama hukugongewa, usibadilishe hata herufi moja. Peleka upya, gongesha muhuri, andika tarehe. Barua ngapi nimeombwa "kuziongezea nguvu" kumbe ziko kwenye droo ya mlinzi.

Kama ilipokelewa, sababu inayoongoza ni kwamba ombi halionekani. Chukua kalamu, upigie mstari sentensi inayosema unataka msomaji afanye nini. Siyo unachohisi wala kilichokupata: afanye nini. Kama mstari umeangukia ukurasa wa pili, au umepiga mistari minne sehemu nne, ugonjwa umeupata.

Nilishaumwa ugonjwa huu mwenyewe. Mfereji wa mbele ya nyumba ninayopanga uliziba, nikaandika kwa ofisi moja ambayo sitaitaja. Nilianza hivi:

"YAH: MALALAMIKO. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa mtaa tajwa kwa muda wa miaka sita sasa. Kwa masikitiko makubwa napenda kuchukua fursa hii kuileta mbele yako kero ambayo imekuwa ya muda mrefu…"

Hapo msomaji ameshasoma sentensi tatu na neno mfereji bado hajaliona. Mwezi ukapita. Nikaandika tena:

"YAH: OMBI LA KUZIBULIWA MFEREJI KABLA YA MASIKA. Naomba mfereji ulio mbele ya nyumba yangu uzibuliwe kabla ya mvua za Machi. Umejaa mchanga kwa urefu wa hatua kama ishirini, kuanzia kwenye kalavati. Masika iliyopita maji yaliingia nyumba tatu."

Walikuja vijana wawili na makoleo. Sisemi ni barua peke yake iliyowaleta, lakini safari hii aliyeisoma alijua atume nani, wapi, na kabla ya lini. Tazama pia kichwa: "Malalamiko" kimekuwa "Ombi la kuzibuliwa mfereji". Kichwa cha barua ni sentensi yako ya kwanza, na watu wanakitupa bure.

Sababu ya pili: umemwandikia asiyeweza kuamua. Mwenyekiti wa mtaa atakuonea huruma, lakini bajeti ya kalavati hana yeye. Kuhusu hili Wameru wa Mlima Meru, kule Arusha, walishatupa somo. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao iwe ranchi za walowezi. Kuendelea kulia kwa aliyetoa amri kusingewafikisha popote. Ila Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, kwa hiyo juu ya gavana palikuwa na wa kumuuliza maswali. Mwaka 1952 Mmeru mwenzao, Kirilo Japhet, akaenda Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea, akisaidiwa na Earle Seaton, wakili aliyekuwa akifanyia kazi hapahapa Moshi. Ardhi haikurudi kwa safari ile. Lakini malalamiko yalifika mahali ambapo serikali ililazimika kujieleza, tofauti na mahali ambapo yangefungiwa kwenye faili. Kabla hujaandika, uliza: nani akisema ndiyo, jambo linafanyika? Jina la cheo hicho ndilo liandikwe pale juu, wengine wapewe nakala.

Sababu ya tatu ni wakati. Wayunani waliuita kairosi, wakati unaofaa. Ukiomba mkopo wa kikundi dirisha likiwa limefungwa, au ukiomba mchango wa harusi wiki ya ada za shule Januari, hakuna tamathali itakayokuokoa. Subiri, kisha peleka barua ileile.

Dalili: wameisoma, lakini hawaamini

Utaambiwa "tutaangalia", au "leteni vielelezo", au ofisa anatabasamu tu. Hapa unakutana na Aristotle, Myunani aliyeishi kati ya 384 na 322 KK, aliyesema msemaji hushawishi kwa njia tatu: ethosi, yaani jinsi msomaji anavyokuona wewe; pathosi, hisia unazoziamsha ndani yake; na logosi, hoja yenyewe. Kutoaminiwa mara nyingi huanzia kwenye ethosi.

Sababu ya kwanza ni chuku, ambayo shuleni tunaiita pia mubalagha. "Kikundi chetu ni bora kuliko vyote mkoani." "Mayai yetu yanagombaniwa na hoteli zote." Kwenye shairi chuku ni tamu. Kwenye andiko la mradi, sentensi moja ya chuku inazitia shaka hata zile za kweli. Cheki rahisi: zungushia duara kila "sana", "zote", "kuliko", "mno". Kila duara ama liwe namba ama lifutwe.

Akina mama fulani wa Pasua walikuja na andiko la ufugaji wa kuku. Walikuwa wanaomba ule mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Waliandika "tuna kuku wengi wanaotaga vizuri". Nikamuuliza mweka hazina, wangapi? Sitini. Wanataga mangapi kwa siku? Akafungua daftari la mistari lililolowa mafuta ya taa pembeni: arobaini na tano, siku nyingine arobaini na mbili. Tukaandika: "Tuna kuku 60. Kwa wastani tunakusanya trei 10 kwa wiki, na daftari la mauzo tumeambatanisha." Daftari lile chafu lilikuwa na nguvu kuliko aya nzima ya sifa, na walikuwa wamepanga kuliacha nyumbani kwa aibu.

Sababu ya pili: umejisifu badala ya kuonekana. Aristotle aliona kwamba mtu huaminiwa akionyesha mambo matatu, nayo ni busara, uadilifu na nia njema kwa anayemsikiliza. Kati ya hayo hakuna linalopatikana kwa kulitamka. "Mimi ni mwaminifu" haimfanyi mtu awe mwaminifu; "nimetunza fedha za kikundi miaka minne, na kila Desemba hesabu zinasomwa mbele ya wanachama wote" inamfanya msomaji aseme mwenyewe. Njia ya mkato ambayo wateja wangu huiogopa ni kukiri kasoro. Mtu wa mkopo akisoma "mwaka jana tulipoteza kuku 20 kwa mdondo kwa sababu tulichelewa chanjo, sasa tuna ratiba ya chanjo ukutani", anajua anaongea na watu wazima. Ukiwahi pingamizi kabla yeye hajalisema, unalimaliza kwa maneno yako.

Sababu ya tatu ni ngumu zaidi kuiona, maana kiungo kimoja cha hoja kimefichwa na hakishikiki. Mfano: "Mimi ni mzaliwa wa hapa, kwa hiyo nipewe fremu sokoni." Kati ya "mzaliwa" na "nipewe" kuna daraja halikuandikwa, kwamba fremu hutolewa kwa wazaliwa. Wataalamu wa balagha huita hoja yenye daraja lililofichwa enthimemi. Sio kosa, ni kawaida ya mazungumzo, tena inapendeza msomaji anapojaza pengo mwenyewe. Shida inakuja pale daraja analolijaza yeye silo lako. Jaribu hivi: baada ya kila "kwa hiyo", andika pembeni "ikiwa tunakubaliana kwamba…", umalizie. Ukiona aibu kuliandika lile daraja, hoja haibebi. Tafuta nyingine: kwamba umelipa ushuru wa meza miaka mitano bila kukosa, kwa mfano, na risiti unazo.

Dalili: "pole sana", halafu hakuna kinachotokea

Pathosi imezidi. Barua za kuomba mchango wa matibabu ndizo zenye ugonjwa huu. Machozi aya tano, namba ya simu ya kutuma pesa haipo, kiasi kinachohitajika hakipo. Msomaji ameguswa mpaka amechoka, na hajui kama elfu tano yake itafanya chochote.

Dawa: taswira moja tu ya karibu, halafu hesabu. "Anapanda ngazi za nyumba yetu kwa makalio, ngazi moja moja" inatosha. Usiongeze "inasikitisha mno". Kisha: gharama ni kiasi gani, imepatikana kiasi gani, imebaki kiasi gani, mwisho lini. Na usiweke picha ya mgonjwa asiyejua kama anapigwa picha. Hilo silichapi hata ukinilipa mara mbili.

Dalili: "unaongea kama mwanasiasa"

Hii nitaikalia kidogo, kwa sababu ndiyo inayowapata waliosoma. Mtu amefundishwa mapambo ya lugha kama takriri, tashititi, tanakuzi na mjalizo kwenye fasihi, akatoka na mfuko umejaa. Halafu anaumwaga wote kwenye barua ya kuomba taa ya barabarani.

Sababu ya kwanza: takriri isiyosogea. Takriri ni kurudia neno au muundo kwa makusudi. Watu hudhani nguvu yake iko kwenye kurudia, wakati iko kwenye kinachobadilika huku vingine vikirudiwa. Chukua Azimio la Arusha, lililopitishwa kwenye kikao cha Halmashauri Kuu ya TANU pale Arusha Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari. Kuna kipande maarufu kinachobeba vitenzi vitatu: kuonewa, kunyonywa, kupuuzwa. Kwanza vinakuja kama historia, kwamba tumefanyiwa haya kiasi cha kutosha. Kisha vitatu vilevile vinarudi kama matokeo ya sababu moja, unyonge wetu. Vinarudi mara ya tatu vikiwa vimekanushwa: tusionewe tena, tusinyonywe tena, tusipuuzwe tena. Vitenzi havikubadilika, lakini msikilizaji ametolewa kwenye jana akapitishwa kwenye sababu mpaka kwenye uamuzi. Takriri hiyo inatembea.

Sasa linganisha na hii iliyoletwa mezani kwangu: "Tunahitaji taa. Tunahitaji taa kwa sababu ni giza. Giza limetuzidi, tunahitaji taa sasa." Hiyo inapiga maki taimu. Cheki: funika kila marudio kwa kidole, usome kilichobaki. Kama hakuna jipya, futa.

Sababu ya pili: tashititi, swali ambalo huulizi ili ujibiwe. "Je, sisi si wananchi?" Mkutanoni watu wataitikia "ni wananchi!" Kwenye karatasi msomaji yuko peke yake ofisini, na hakuna wa kuitikia pamoja naye. Atajibu kimoyomoyo, na jibu lake linaweza kuwa "ni wananchi, ila fedha hakuna". Umempa mlango wa kutokea. Swali la aina hiyo liweke tu pale jibu lake ni moja, na jibu hilo linakufaa wewe. Barua moja, swali moja, na mara nyingi hata hilo moja la nini.

Sababu ya tatu: mpangilio. Warumi akina Cicero waligawa kazi ya msemaji hatua tano, na kupamba lugha kulikuja ya tatu, baada ya kutafuta hoja na kuzipanga. Mteja wangu huanza na hiyo ya tatu, akiamini mbili za kwanza zitajitokeza zenyewe. Ukiona barua ina mapambo na hujui uyaweke wapi, andika hoja zako kwenye karatasi nyingine kama orodha ya sokoni, bila kiungo chochote. Orodha ikiwa na kitu kimoja, umepata jibu.

Mjalizo, ule wa kuorodhesha bila "na", siuzungumzii. Ukikufaa utaujua.

Dalili: amekasirika

Sababu ya kwanza ni salamu. Unacheka, lakini kijana mmoja aliandika kwa baba yake mkubwa kuhusu mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, kule Kibosho, hoja zote sawasawa, vipimo vya hatua vimo, na akaanza na "Ndugu". Baba mkubwa hakufika aya ya pili. Tuliiandika upya: "Baba mkubwa, shikamoo. Natumaini kahawa imeendelea vizuri. Nakuandikia kwa heshima kuhusu mpaka wa upande wa mfongo…" (Mfongo ni mfereji wetu wa asili wa kumwagilia.) Hoja hatukugusa hata moja. Hiyo ndiyo nia njema aliyoisema Aristotle, ila kwa sisi inavaa shikamoo.

Sababu ya pili: umemshambulia mtu badala ya jambo. "Ofisa wako mzembe" inamlazimisha bosi kumtetea mtu wake. "Tarehe 3 na tarehe 17 nilifika, sikupata huduma" inampa bosi kitu cha kuuliza. Tafsida, yaani kulainisha maneno, siyo woga. Ukiandika "naomba kukumbusha" wakati moyoni unataka kuandika "umelala", msomaji mwerevu anayasikia yote mawili, ila la pili halina sahihi yako.

Sababu ya tatu ni kejeli. Kwenye maandishi sauti haipo, kwa hiyo nusu ya wasomaji wataichukua kama sifa na nusu kama tusi. Futa tu.

Zima injini hapa, muone wakili

Wanasimulia kwamba sanaa hii ya balagha ilianza kufundishwa Syracuse, kwenye kisiwa cha Sicily, karne ya tano KK. Madikteta walikuwa wameondolewa na watu wakawa wanadaiana mashamba mahakamani. Corax na Tisias ndio wanaotajwa kama walimu wa mwanzo. Kwa hiyo tangu mwanzo kushawishi na sheria vililala kitanda kimoja, na ndiyo maana watu huchanganya kazi yangu na ya wakili.

Usiendelee na marekebisho yoyote hapo juu kama barua yako ni kiapo, rufaa, notisi ya madai, jambo la mirathi, au mkataba wa kiwanja. Rufaa ina siku zake zilizohesabiwa, na ukizitumia kung'arisha sentensi utafika na barua nzuri mlango umeshafungwa. Usiendelee pia kama unataka kuandika jina la mtu pamoja na neno mwizi, tapeli au fisadi, hasa kama unakusudia kurusha kwenye makundi ya simu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo. Na kama umepokea barua ya vitisho, usiijibu kwa barua. Asiye na fedha za wakili aulizie wasaidizi wa kisheria, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na ofisi ya kata huwa inajua wanapopatikana.

Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja na karatasi imekunjwa mara nne. Akasema, "Mwanangu, iongezee nguvu, keshokutwa naipeleka." Nikaifungua. Juu palikuwa na namba ya kesi. Nikamuuliza hukumu ilitoka lini, akataja tarehe, tukahesabu kwenye kalenda ya ukutani, yeye kwa kidole, mimi kwa kalamu. Nikamrudishia buku lake la kuchapa na kumtoa mpaka barazani, nikamwonyesha ngazi za jengo la ng'ambo, ghorofa ya pili, mlango wenye kibao cha bluu. Alikwenda haraka kuliko nilivyodhani angeweza.